Taa ya Chumba Namba Sita

Mimi katika hadithi hizi za upelelezi muuaji namjua tangu ukurasa wa kwanza, sijawahi kukosea. Huyu nilimtambua mapema sana: alipokwisha kutiwa pingu.

Mama Sabuni alikutwa asubuhi sakafuni, chumba namba sita. Ndiye muuguzi aliyesimamia usafi wa hospitali nzima. Hata madaktari walinawa wakimwona kwa mbali. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye ukingo wa sinki. Hewa ilinuka kama waya ulioungua. Pembeni ilisimama mashine ndefu yenye mirija ya taa, kimya kama mgeni aliyevunja kikombe cha watu.

Inspekta, mwanamke mfupi mwenye viatu vizito, alichuchumaa.

"Daftari lake liko wapi?"

"Halionekani, mama," alijibu mhudumu wa wodi. "Na ndilo lenye majaribio yote. Leo saa nane kamati inachagua mashine ya kuua vidudu. Kuna ya mvuke wa dawa. Hiyo uzibe milango kwa utepe, usubiri kwa muda wa saa tatu. Na kuna hii ya taa, robo saa kazi imekwisha. Itakayoshinda inaingia wodi ya vichanga kesho."

"Marehemu alitaka ipi?"

"Jana alisema hii ya taa ana neno nayo. Neno lenyewe kaondoka nalo."

Saa tano aliitwa mlangoni pa chumba hicho mganga mkuu, mwenyekiti wa kamati. Alikuja akifuta machozi kwa leso. Macho mekundu kama pilipili, uso umeiva upande mmoja.

"Pole, daktari."

"Alikuwa kama dada yangu. Tangu nipate habari sijaacha kulia."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Chumba hiki sijakikanyaga wiki nzima."

"Alama za vidole vyako ziko kwenye swichi."

"Haiwezekani! Taa ile haiachi ki..."

"Haiachi kitu? Inaua vidudu, daktari. Alama za vidole haili."

Mganga mkuu akajifuta macho tena kwa leso.

"Kaka yangu anachomelea mageti," Inspekta akaendelea. "Siku akisahau miwani, kesho yake macho huwa hivyo hivyo, kama yametiwa mchanga. Hayo si machozi ya msiba. Taa iliwaka wewe ukiwa ndani."

"Ile ina jicho lake. Mtu akiingia, inazima yenyewe."

"Kweli?"

"Papo hapo. Naapa."

Inspekta akausukuma mlango wa chumba namba sita.

"Basi ingia, daktari. Nikuwashie."

Daktari akarudi nyuma hadi ukutani. Mwisho wa ukumbi kichanga kililia, kikabembelezwa. Mganga mkuu akateleza ukutani hadi chini.

"Haizimi," alisema. "Aliligundua hilo. Nilimsihi asiseme, wizarani nimeshajisifu, jina langu lote liko kwenye taa ile. Akakataa. Nikamsukuma mara moja tu. Nikaiwasha ifute kila kitu, nikafunga mlango. Ndipo nikakumbuka daftari. Nikarudi ndani, nalo alikuwa amelilalia; nikalichomoa huku taa ikiniwakia usoni."

"Na kesho, wodi ya vichanga?"

"Ningewaonya wauguzi! Wallahi ningewaonya wasiingie ikiwaka."

"Ungewaambia nini, daktari, na sasa hivi umeniapia inazima yenyewe?"

Mganga mkuu akanyoosha mikono, akatiwa pingu.