Dorika na Miwani ya Kuzamia

Kila asubuhi kabla ya shule, Dorika alijaza maji kwenye karai, akatumbukiza uso na kuhesabu. Jumatatu alifika ishirini. Ijumaa alifika hamsini na tano.

"Hodi, kambare!" kaka yake Alute alimtania. "Sisi Wanyaturu tunachimba visima, hatuzamii."

"Mimi nitazamia. Na siku ukizama wewe, nitakuvuta kwa masikio!"

Mwaka huo, 1974, walikuwa wamehamia kijiji kipya karibu na ziwa la maji ya chumvi. Mtoto mmoja alikuwa amezama, watu wazima wakabaki wakipiga yowe tu. Ndipo Mwalimu Melkiori, aliyewahi kuwa mwanamaji jeshini, akaanzisha mafunzo ya kuzamia. Aliwachagua wanafunzi wanne. Msichana alikuwa Dorika peke yake.

Mwalimu alimpa kila mmoja miwani ya kuzamia, yenye kioo kipana na mpira wa kuziba maji. "Itunzeni. Chombo kibovu hakiendi kilindini."

Dorika aliitunza kama mama yake alivyotunza ngozi: kila jioni aliipaka mafuta ya kondoo. Ijumaa jioni mpira ulikuwa umevimba na kulegea kama ulimi wa ng'ombe. Aliijaribu kwenye karai. Maji yakaingia.

"Badilisha na ya mwanafunzi mwenzako Damiani," Alute alinong'ona. "Zinafanana. Nani atajua?"

"Damiani atajua, akiwa chini."

"Basi utabaki ufukweni, wakucheke."

"Wacheke!" Dorika alisema, machozi yakimlenga.

Jumamosi alimwendea mwalimu mbele ya wote.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeharibu miwani. Niliipaka mafuta, nikidhani mpira ni kama ngozi. Lakini siondoki. Usiponiruhusu kuzamia, nitawabebea wenzangu mitungi ya hewa ya kuzamia mpaka jioni."

Wavulana waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliigeuza miwani mkononi.

"Marahaba. Kilindini haiendi. Lakini leo tuko kwenye maji ya kifuani, na somo la kwanza ni kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani. Wenzako itabidi wayaingize kwa makusudi. Wewe yatakuja yenyewe. Anza."

Dorika alipiga magoti chini ya maji, akivuta hewa ya mtungi kwa mdomo. Maji ya chumvi yalijaa machoni, yakamchoma. Alitamani kuchomoka. Hapana! Alibana ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, akatazama juu, akapuliza kwa pua. Yakabaki. Akapuliza tena. Mara ya tatu aliviona vidole vya mwalimu waziwazi.

Alipoibuka, hakuna aliyecheka.

"Wabishie wanaosema huwezi," mwalimu alimwambia, "ila usiubishie ukweli. Usichokijua, uliza kwanza. Ukikosea, sema mapema. Huko chini, kosa lililofichwa humuua mwenzako. Miwani tutaiwekea mpira mpya, nawe utaubandika."

Kesho yake asubuhi Dorika alikuta karai limetekwa. Alute alikuwa ametumbukiza uso.

"Kumi na mbili!" alihema akiinuka.

"Rudia," Dorika alisema.