Tobo Moja (1) Juu ya Kuku Mmoja (1)

YAH: SHAURI LA TOBO MOJA (1) DOGO LA BATI, LILILO JUU YA KUKU MMOJA (1), NYUMBA NAMBA KUMI NA NNE, KIJIJI CHA UKUNGUNI.

Hivyo ndivyo barua ilivyoanza. Sekela aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka sita, kwa hiyo alisoma neno moja tu: kuku.

Lakini kabla ya barua, kulikuwa na tobo.

Kijiji cha Ukunguni kiko juu milimani. Kuna baridi huko. Asubuhi ukifungua mdomo, unatoa mvuke kama birika.

Sekela aliishi na bibi yake, Bibi Tumpe, anayefagia zahanati. Nyumba yao ilikuwa ya kijiji. Kuta za kijiji. Mlango wa kijiji. Paa la kijiji.

Kuku alikuwa wao.

Kuku aliitwa Mama Tulia. Alikaa ndani ya kikapu, karibu na jiko, juu ya mayai tisa. Alikuwa amekaa siku kumi na tisa. Zilibaki siku mbili tu.

Bibi aliziba nyufa za ukuta kwa udongo, upepo usipite. Aliacha dirisha wazi kidogo, moshi wa mkaa upite.

"Joto libaki, moshi uende," alisema Bibi.

Kisha mvua ikanyesha.

To. To. To.

Tone likamwangukia Mama Tulia kichwani. Mama Tulia akatazama juu. Tone la pili likamwingia jichoni.

"Bibi, tumsogeze," alisema Sekela.

"Kuku anayeatamia hasogezwi, mjukuu wangu. Ukimsogeza, anasusa. Akisusa, mayai yanapoa. Na yakipoa..."

Bibi hakumaliza. Sekela alielewa.

"Basi tuzibe tobo."

"Paa ni la kijiji. Haliguswi bila kikao."

To. To. To.

Bibi akaenda ofisi ya kijiji. Ofisini wakaandika barua. Barua ikagongwa muhuri mkubwa, wa bluu: IMEPOKELEWA. Bibi akarudi nayo, akaiweka mezani.

Alasiri, Kamati ya Paa ikafika. Ilikuwa na watu watatu na mwavuli mmoja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ngailo, mwenyekiti, aliyevaa koti refu na kandambili nyekundu.

Wa pili alikuwa Bi Anyimike, katibu, aliyebeba muhuri ndani ya mkoba.

Wa tatu alikuwa Bwana Chaula, mjumbe. Bwana Chaula alijua kusema maneno mawili.

"Hodi," alisema Mzee Ngailo.

"Karibuni," alisema Bibi. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Kikao kimefunguliwa."

"Naunga mkono," alisema Bwana Chaula.

Mzee Ngailo akatazama juu. Bi Anyimike akatazama juu. Bwana Chaula akatazama juu. Mama Tulia naye akatazama juu.

To.

"Ni tobo," alisema Mzee Ngailo.

"Naunga mkono," alisema Bwana Chaula.

"Na kuku je?" aliuliza Sekela.

"Kuku ataorodheshwa," alisema Bi Anyimike. "Mayai pia. Moja moja."

Akatoa muhuri. Akaingiza mkono ndani ya kikapu. Akagonga yai la kwanza. Gonga!

IMEPOKELEWA.

Mama Tulia hakupenda. Kokoo! Akamdonoa Bi Anyimike kidole.

"Mayai mengine nane," alisema Bi Anyimike, akinyonya kidole, "yataaminiwa tu."

Kisha Kamati ikakaa chini ikafikiri. Ikanywa chai, ikala viazi, ikafikiri tena.

"Tumeamua," alisema Mzee Ngailo. "Kuku apewe mwavuli."

"Naunga mkono," alisema Bwana Chaula.

"Vizuri. Basi ushike wewe."

Bwana Chaula akasimama juu ya kikapu, ndani ya nyumba, na mwavuli mkononi. Alisimama mpaka mvua ilipokatika. Hakuwahi kuunga mkono kwa muda mrefu namna hiyo. Mkono ulimuuma.

Kesho yake ilibaki siku moja. Mvua ikarudi.

To. To. To.

Kamati ikarudi pia.

"Ajenda ya leo," alisema Mzee Ngailo. "Tobo limetoka wapi?"

"Labda ni panya," alisema Bi Anyimike.

"Naunga mkono," alisema Bwana Chaula.

"Panya hali bati," alisema Bibi.

"Naunga mkono," alisema Bwana Chaula.

"Na kuku je?" aliuliza Sekela.

Kamati ikaendelea kujadili panya. Sekela akagusa yai moja. Upande mmoja lilikuwa na joto. Upande mwingine lilikuwa baridi.

Sekela akatoka nje akitembea polepole. Alipofika uani, akakimbia.

Akasimama mbali, kwenye mvua, akalitazama paa. Bati lilikuwa na migongo na mabonde. Mgongo, bonde. Mgongo, bonde. Kama milima ya Ukunguni.

Maji hayakupita mgongoni. Yalikimbia bondeni. Na pale bondeni, katikati ya maji, Sekela akaona kitu cheusi.

Msumari.

Akarudi ndani, matone yakimtiririka puani. Akachukua barua mezani. Akaikunja. Mgongo, bonde. Mgongo, bonde.

"Barua yangu," alisema Bi Anyimike.

Sekela akachukua kikombe cha maji. Akaimiminia barua maji taratibu. Maji yakakimbia bondeni, tiriri, tiriri, mpaka kwenye kandambili za Mzee Ngailo.

"Maji yanapita bondeni," alisema Sekela. "Msumari wetu uko bondeni. Mingine yote iko mgongoni."

Kamati ikatazama juu.

"Fundi gani huyo?" aliuliza Bi Anyimike. "Hata mtoto anajua. Msumari wa bati unapigwa mgongoni."

Mzee Ngailo akatazama kandambili zake.

To, lilisema tobo.

"Paa hili," alisema Mzee Ngailo polepole, "liliezekwa mwaka ule wa mahindi mengi. Fundi alikuwa na haraka. Palikuwa na ngoma jioni ile."

"Fundi nani?" aliuliza Bibi, ingawa alijua. Bibi alikuwepo kwenye ngoma.

"Mimi."

"Naunga mkono," alisema Bwana Chaula.

Mzee Ngailo akavua koti lake refu. "Tumpe, una ngazi?"

"Nina ngazi. Lakini kikao, mwenyekiti?"

"Kikao kitanishikia ngazi."

Wakangoja mvua ikatike. Bibi akakausha bati kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufagio. Kisha Mzee Ngailo akapanda. Bi Anyimike akashika ngazi upande mmoja. Bwana Chaula akashika upande mwingine, kwa mkono usiouma.

Ngwii! Msumari ukang'oka bondeni.

Pata pata. Tobo likapakwa lami nyeusi, nzito kama uji.

"Sasa nahitaji mpira," aliita Mzee Ngailo kutoka juu. "Msumari unataka kofia, maji yasiingie pembeni."

"Mpira gani?" aliuliza Bi Anyimike, akaukumbatia mkoba wake wenye muhuri.

Sekela akatazama chini ya ngazi. Pale palikuwa na kandambili mbili nyekundu.

"Babu, naomba kandambili yako," alisema Sekela.

Mzee Ngailo akachungulia chini, akazitazama zote mbili.

"Ya kushoto," alisema Mzee Ngailo. "Ya kulia bado mpya."

Bibi akakata kipande kidogo, cha mviringo, kisiginoni. Msumari ukavaa kofia nyekundu.

Ko! Ko! Ko! Safari hii, mgongoni.

"Kikao kimefungwa," alisema Mzee Ngailo. Akaenda nyumbani. Kandambili moja ilikuwa nzima. Nyingine ilionekana kama imeumwa na mbuzi.

Jioni, mvua kubwa ikaja. Shaa, shaa, shaa, ilisema juu ya bati.

Sekela alilala chini ya mablanketi mawili. Akatega sikio, akingoja "to" ya kwanza.

Haikuja.

Akasikiliza tena.

Ti.

"Bibi, inavuja."

"Sikiliza vizuri, mjukuu wangu."

Ti. Ti. Haikutoka juu. Ilitoka ndani ya kikapu.

"Wanagonga," alinong'ona Sekela.

"Wanapiga hodi," alisema Bibi. "Lala. Asubuhi tutawakaribisha."

Mama Tulia akajikunyata vizuri juu ya mayai. Makaa yaliwaka mekundu. Joto lilibaki, moshi ukaenda. Sekela akafumba macho.

Asubuhi kulikuwa na vifaranga tisa. Ganda moja lilikuwa limeandikwa IMEPOKELEWA.

Ofisini waliandika kwamba shauri la tobo limetatuliwa na Kamati, baada ya vikao viwili.

Hawakuandika haya: msumari ulikuwa bondeni. Sekela aliuona. Ukahamishiwa mgongoni.