Vumbi la Betri Kuukuu

Kila asubuhi mama na shangazi walikutana bombani. Shangazi ni dada yake baba, anakaa ng'ambo ya barabara. Mwanawe na mdogo wangu walizaliwa mwezi mmoja. Huyo mwanawe huongea kutwa, mama akampa jina la Redio.

"Mama, maji yamejaa! Mama, mbona mjomba ananuka moshi?"

Mdogo wangu alimtazama tu. Hakuwa na neno hata moja.

"Wifi, wako bado hajasema?" shangazi aliuliza.

"Wangu hana haraka. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Na lililojaa halisemi kabisa?" Shangazi akacheka.

Mama hakucheka. Wivu ulimkaba mpaka akasahau ndoo bombani. Alimfuata baba moja kwa moja.

"Mtoto wa kiume hachangamki akishinda na wanawake. Kaa naye kazini. Nataka ampite yule Redio!"

Baba ni fundi betri. Karakana yake ilikuwa uani kwetu. Alipasua betri kuukuu za magari, akatoa risasi, yale madini mazito ya kijivu, akayayeyusha kwenye sufuria. Mdogo wangu alikaa chini akichezea vipande. Kisha vidole mdomoni. Jioni alisinzia kifuani kwa baba, juu ya ovaroli.

Hakuchangamka. Alizidi kupooza. Akakataa chakula, akawa anashika tumbo na kulia.

"Wifi kamtupia kijicho mwanangu!" mama alisema. Akaacha hata kumsalimia.

"Mwenye kijicho hapa ni nani?" baba akauliza.

Tumbo lilipozidi, mama alimpeleka kliniki. Muuguzi akamtazama mtoto, akauliza, "Baba yake anafanya kazi gani?"

"Fundi betri."

"Na mtoto hufika huko?"

"Anashinda huko. Ili achangamke."

Muuguzi akachukua sindano. "Mama, tumpime damu."

Majibu yalipotoka, mama na baba waliitwa wote wawili. Damu ilikuwa na risasi nyingi.

"Ubongo wa mtoto bado unajengwa," muuguzi alieleza. "Risasi inauharibu wakati huohuo wa kujengwa. Mtoto anaimeza na vumbi, anaivuta na moshi. Hata aliye tumboni anaipata kwa mama yake. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe imo. Damu ndiyo inayosema."

"Itatoka?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Daktari atampa dawa ya kuipunguza. Ila madhara ya ubongoni huenda yasiishe yote. Ndiyo maana hatungoji. Mtoeni kwenye vumbi leo. Ana pa kukaa mkisafisha nyumba?"

Mama aliinamisha kichwa. Pa kukaa palikuwa kwa shangazi tu.

Alibisha mlango wa shangazi. "Hodi, wifi."

"Leo umeniona?"

"Nimekuja na shida. Mwanangu..."

Shangazi alikuwa ameshampokea mtoto.

Baba aliacha kuyeyusha risasi. Betri mbovu anaziuza nzima nzima. Karakana akaihamishia mbali na nyumba za watu. Sasa anaoga na kubadili nguo hukohuko, na ovaroli haifuliwi na nguo zetu. Udongo wa uani uliokuwa na vumbi uliondolewa. Ndani hatufagii tena vumbi likapaa, tunapangusa kwa kitambaa kibichi. Mdogo wangu ananawa mikono kila mara kabla ya kula. Anakula mboga za majani, maharage na maziwa, maana muuguzi alisema vinausaidia mwili kuikataa risasi.

Alipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua. Tumbo likatulia. Kule kwa shangazi akaanza kumkimbiza Redio chumba kizima.

Siku moja mama alikwenda kumwona. Shangazi alikuwa anamimina maziwa. Mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Mama," akasema.

Neno lake la kwanza, na alimwambia shangazi.

Mama alisimama mlangoni, uso umembadilika.

"Wifi, usinune," shangazi akasema haraka. "Anamwiga tu mwenzake."

Mama aliingia ndani. "Wivu ninao, sikufichi." Akachuchumaa karibu nao. "Lakini usimpe kikombe bado. Mwache aseme tena."