Pumzi ya Koplo Benjie

Abubakari ndiye aliyeziona kwanza zile nyayo. Zilianzia ukutani, mahali pasipo na mlango, zikapita juu ya vigae na matope yake meusi, zikaishia kando ya kitanda cha Nahashon. Ilikuwa saa sita mchana, Julai 2008, na mtaa mzima wa Al Mansoura, mjini Doha, ulikuwa umekauka kwa jua. Chumbani kulinuka kinamasi.

"Nani kaingia na miguu michafu?" aliuliza.

Wenzake wawili walikuwa usingizini. Wote watatu walilinda ghorofa moja huko West Bay, zamu ya usiku. Mchana walifunika dirisha kwa blanketi wakalala. Nahashon alikuwa Mkenya wa Nyahururu. Rodel alikuwa Mfilipino, sajini wa zamani wa jeshi la kwao, mtu aliyekunja shuka lake kama anasubiri kukaguliwa. Abubakari, mtu wa Tanga, alipiga deki, akarudi kulala.

Kesho yake Nahashon aliamka akitapatapa.

"Kuna mtu amenifunika mdomo," alinong'ona. "Mkono baridi, umelowa. Nimeuuma, nikaonja matope."

"Umeota, ndugu yangu."

"Niangalie basi!"

Shavu moja lilikuwa na alama za vidole vinne, la pili alama ya dole gumba. Rodel alipoziona alikaa sakafuni, akaanza kusali kwa lugha ya kwao.

Siku ya tatu sauti ikamwisha Nahashon kabisa. Kazini redio ilipoita kila lindo, alifungua mdomo pasitoke kitu, Abubakari akamjibia kwa kuigiza sauti yake. Msimamizi alishtukia ujanja, akaapa kwamba mtu akijibiwa na mwenzake tena, atapandishwa ndege kurudi kwao. Daktari alimulika koo, akasema ni zima.

"Sajini," Abubakari alimwambia Rodel kwa Kiingereza chao cha kazini, "hiki kitu unakijua. Nahashon ana watoto wawili. Sema."

Rodel alisema akitazama chini. Mwaka 2000 kikosi chao kilipelekwa Mindanao, kusini mwa Ufilipino, kupigana na waasi. Walizingirwa ndani ya kinamasi, maji kifuani, askari kumi na moja. Koplo Benjie alipigwa risasi ya tumbo, akawa anamwita mama yake. Waasi walikuwa karibu sana.

"Nilimziba mdomo ili tusijulikane tulipo. Nilimziba mpaka walipoondoka. Nilipoachia, hakuwa anapumua." Akajifuta uso. "Nilimwambia mama yake kwamba risasi ilimuua papo hapo. Kila Krismasi hunipigia kunishukuru kwa kumshika mwanawe mpaka mwisho."

Ijumaa Abubakari alimleta Riziki, Mpemba aliyefanya kazi za ndani mtaa wa Najma, ambaye bibi yake alikuwa mtoa mashetani. Alifukiza ubani, akamnywesha Nahashon maji ya kombe, yaliyooshea aya za zafarani, akasoma dua. Nahashon akajikunja, na sauti ya kijana, si yake, ikaanza kulia kwa Kiilonggo, lugha ya Rodel.

"Anamtaka mama yake," Rodel alitafsiri. "Anataka mama ajue kweli."

"Maiti harudi, kaka," alisema Riziki. "Huyu ni jini la kinamasi. Kameza pumzi ya yule marehemu, ndiyo anayosemea. Lakini kinachomshika ulimwenguni humu ni uongo wako. Wewe anakutaka useme, ndiyo maana kamziba mwenzako. Mpigie mama, umwambie kweli, atamwachia huyu."

"Siwezi, dada. Nitamuua yule mama."

"Na huyu je?"

Nahashon alikuwa ameanza kubadilika rangi, macho yamemtoka, vidole vikichimba vigae, na matope yakimchuruzika puani huku harufu ya maji yaliyooza ikijaa chumba chote, ikashinda ubani, ikashinda hata pumzi zao wenyewe, mpaka Abubakari akampigia Rodel magoti, akamwekea simu mkononi na kumlilia kama anavyoliliwa baba mzazi.

Rodel akapiga. Sauti ya kikongwe ikaitika kwenye spika. Alimweleza yote, akilia.

Ndipo Nahashon aliposema, kwa ile sauti ya kijana, neno moja tu: "Nanay." Mama.

Yule kikongwe akapiga ukelele, akaongea harakaharaka.

"Anasema nini?" Riziki aliuliza.

"Anamwita. Anasema, 'Njoo nyumbani, mwanangu, mlango uko wazi.'"

"Mkataze! Si mwanawe huyo! Mwambie asimwite!"

Nahashon alikohoa mara moja, akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Harufu ikatoweka.

Kwenye simu, maelfu ya maili kutoka Doha, walisikia bawaba ya mlango ikikwaruza, kisha miguu iliyolowa ikitembea juu ya mbao. Rodel alikuwa akimpigia mama kelele afunge mlango, akimbie. Yule mama hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa anacheka kwa furaha.