Kupita Juu ya Paa la Mkwe

Giza lilikuwa linaingia Valerian alipotoka kwenda kununua umeme. Upepo wa Juni, ule unaoingia Sumbawanga bila hodi na kukaa mpaka uchoke wenyewe, ulimpiga masikioni. Angeweza kununua kwa simu akiwa amekaa, lakini tangu mkewe aondoke nyumba ilikuwa haikaliki.

Zita alikuwa kwao Mwazye, kujifungua. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mke, na mume hakanyagi kule mpaka aitwe. Akiitwa, husimama mwanzoni mwa ua, hutaja jina lake kwa sauti, baba mkwe humwitikia, ndipo huingia kuchukua mke na mtoto. Valerian, fundi kompyuta, aliona huo ni utaratibu wa watu wasio na haraka. Yeye alikuwa na haraka. Basi akatafuta njia ya kwenda bila kwenda.

Nyumbani alikuwa amejitengenezea chumba cha rubani. Kiti kilitoka kwenye Noah iliyopata ajali, mkanda wake ukiwa bado upo. Mbele yake kulikuwa na mpini wa kuongozea, pedali za miguuni na skrini kubwa. Programu yenyewe haikuwa mchezo wa watoto. Ilikuwa ndege ya kivita, na usipowasha betri, pampu ya mafuta na injini kwa mpangilio wake, hung'oki. Ardhi ilikuwa picha za satelaiti. Kila jioni aliruka hadi Mwazye, akashusha magurudumu ili apunguze mwendo, akapita chini kabisa juu ya bati la bluu la Mzee Adolfu, baba yake Zita. Picha ilikuwa ya zamani na uani hapakuwa na mtu, lakini alipunga mkono hivyo hivyo. Tusimcheke sana. Alikuwa amemkumbuka mkewe.

Dukani alimkuta Hellena, shangazi yake Zita, ameshuka kwenye basi la Mwazye muda si mrefu. Akamwamkia, akauliza habari za nyumbani. Zita ni mzima, alijibiwa, bado hajajifungua, ila halali. Nyumba nzima hailali.

Hellena akamvuta pembeni, mbali na taa ya duka.

"Kuna kitu kinapita juu ya paa kila jioni," alinong'ona. "Kinanguruma. Radi... lakini mvua hakuna."

Radi ya kiangazi, Ufipa, hakuna anayeuliza ni nini. Watu huuliza ni nani aliyeituma.

Shangazi akaendelea. Dada yake Zita alipoteza mtoto ndani ya nyumba ile ile, kwa hiyo safari hii Mzee Adolfu hakungoja. Jana usiku aliita mganga, mji umezindikwa kwa dawa pembe zote na juu. Mwanga yeyote atakayepita juu ya paa ataanguka uani, uso wake hautaonekana, na hataondoka mpaka mwenye mji amuulize jina. Akilitaja, amekwisha. Hatakanyaga tena pale, na mtoto wa mji ule hatakuwa na undugu naye.

"Na asipolitaja, Shangazi?"

Hellena alijitanda shuka lake vizuri. "Atabaki hapo."

Mwenye akili zake angerudi akaichomoa ile kompyuta ukutani. Valerian alirudi akaiwasha. Aliogopa, na kuogopa kulimkera. Alitaka kujionyesha kwamba ile ni picha tu, picha na umeme. Mara ya mwisho, alijiambia, akafunga mkanda na kuvaa vipokea sauti masikioni.

Betri. Pampu. Injini. Akaruka.

Mashamba ya mahindi yalipita chini, kisha barabara, kisha bati la bluu likatokea. Na uani kulikuwa na taa.

Hapajawahi kuwa na taa pale.

Alivuta mpini. Ulikuwa mzito. Mishale yote ya vipimo ililala, injini ikanyamaza, na lile bati likaja... likaja...

Giza.

Umeme haukukatika. Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake, skrini tu ndiyo ilikuwa nyeusi. Lakini masikioni alisikia kuku akijikung'uta, karibu kabisa. Mtu akakohoa. Harufu ya ulezi mpya na moshi wa kuni ikajaa chumba ambacho hakikuwa na hata jiko. Miguu yake ilikuwa juu ya zulia, aliiona, lakini nyayo zilikanyaga udongo wa baridi.

Akabonyeza kifungo cha mkanda. Hakikuachia.

Simu ikaita. Zita.

"Uko wapi?" Alikuwa ananong'ona, pumzi zinamkatika.

"Nyumbani. Kwenye kiti."

"Kuna mtu amekaa chini ya kihenge cha ulezi. Ameinamisha kichwa. Amevaa sweta nililokufumia."

Valerian alijitazama kifuani. Alikuwa amelivaa.

"Usiseme jina lako," Zita alisema. "Baba anatoka na taa. Na mimi... uchungu umeanza."

Simu ikakatika. Sauti ikaja masikioni, ya mzee, ya taratibu.

"Wewe uliyeanguka kwangu. Jina lako nani?"

Kinywa cha Valerian kilifunguka chenyewe. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na likawa linasukuma kutoka. Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Mzee aliuliza, akangoja, akauliza tena. Ikawa hivyo mpaka jogoo wa kwanza, na mtoto akalia ndani ya nyumba, na mkanda ukaachia. Valerian naye alilia, kwa furaha na kwa woga, hakujua kipi kilizidi.

Mtoto ni wa kiume. Anaitwa Evans, sasa anatambaa, na baba yake hajamwona.

Kile kiti alikichoma moto siku ile ile. Haikusaidia. Kazini anavaa soksi juu ya soksi na wateja wanamtania, maana nyayo zake bado ziko kwenye ule udongo. Ameitwa Mwazye mara nyingi. Safari moja alifika hadi kwenye kona ya barabara, akakiona kihenge, akaiona rangi ya sweta, akageuka. Kuingia ni lazima ataje jina lake katika ua ule, na Mzee Adolfu angelisikia kutoka vinywa viwili, chake na cha yule wa kihengeni. Wakwe wanasema amemtelekeza binti yao. Kila jioni mzee anatoka na taa, anauliza, hajibiwi, anarudi ndani.

Jana Zita alipiga simu. Mtoto ameanza kutamka, alisema. Anasema baba.

Valerian alicheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka. Akauliza kama anaonyeshwa picha yake, maana ajabu mtoto kumjua mtu asiyemwona.

Zita alishusha sauti.

"Simwonyeshi picha," alisema. "Ikifika jioni anatambaa mpaka kwenye kihenge, na hilo neno baba analisemea huko. Na mzee ameanza kumsikiliza."