Kopo Alilojaza Maximilla

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Maximilla alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji, na kujaza mafuta ya klachi. Hiyo ya tatu hakuna msichana mwingine pale Kasulu aliyekuwa nayo, na aliringa nayo kwelikweli. Baba yake, Pasikali, alikuwa dereva wa Landrova ya Bwana Abdulrahmani, mwenye duka mjini, na gari lililala nyumbani kwao. Lilikuwa gari la siku nyingi, klachi yake ikivuja kidogo, hivyo kila kulipokucha ilibidi kuongeza mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, kwenye kikopo kilichokuwa chini ya boneti. Pasikali alimfundisha binti yake kazi hiyo alipokuwa darasa la tano. Sasa alikuwa la sita, na baba hakukagua tena. Aliuliza tu, "Umejaza?" Naye akajibu, "Nimejaza, baba." Basi, gari likaondoka.

Mwaka ule wa 1974 mafuta ya breki yalikuwa adimu. Kopo moja Pasikali alilisubiri wiki tatu litoke Kigoma, na lilipofika alilitunza jikoni, juu kabisa, kama dawa. Jumapili moja ya mwezi wa Juni, Maximilla alikuwa akiruka kamba na wenzake, akaona awaonyeshe kopo lake, wajue kwamba yeye si wa kufagia tu. Akalishusha, akalifungua, wakanusa. Mmoja akamsukuma kwa utani. Kopo likaanguka, na ardhi ikayanywa mafuta, yakabaki ya kulowesha kidole tu.

Wenzake wakatawanyika, kila mmoja kwao. Saa ile ile angemwendea baba yake mambo yangeisha, lakini hakwenda. Jikoni palikuwa na debe la mawese la mama yake. Mafuta si mafuta tu? Akachota, akayachuja kwa kitambaa, akajaza kopo, akalirudisha mahali pake. Jumatatu alijaza klachi, Jumanne akajaza, Jumatano akajaza. "Umejaza?" "Nimejaza, baba." Gari liliondoka siku zote tatu, naye akajiambia kwamba yamepita.

Jumatano hiyo jioni ikaja habari kutoka Kibondo. Bibi yake, Theodosia, mama mzazi wa Pasikali, alikuwa ameshikwa na kichomi. Zahanati ya karibu ilimpa dawa iliyokuwapo, ikasema afikishwe haraka kwenye hospitali kubwa ya Kasulu. Maximilla alimpenda bibi yule kuliko alivyoweza kusema. Bibi aliutambua mlio wa gari la mwanawe tangu likiwa mbali, na kila walipofika walimkuta amekwisha simama mlangoni na ndizi za kuchoma. Kabla hajamsalimu mtu, alipapasa boneti na kulishukuru gari kwa Kiha, kama ng'ombe aliyerudi zizini mwenyewe. Wajukuu walivunjika mbavu kwa kicheko. Bwana Abdulrahmani aliposikia habari hiyo, alitoa ruhusa papo hapo, akatia na petroli. Pasikali angeondoka alfajiri.

Alhamisi alfajiri baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Maximilla alijaza kikopo, Pasikali akawasha gari, akakanyaga klachi. Pedali ikashuka chini na haikurudi. Aliposukuma gia, ikalia kama chuma kinachokatwa, ikakataa kuingia. Akajaribu mara ya pili, mara ya tatu, kisha akazima na kumtuma jirani amwite fundi Leonidasi.

Leonidasi alikuwa mtu wa maneno machache. Hakugusa spana kwanza, aliuliza. Je, gari linapopanda mlima injini inanguruma bure bila gari kwenda? Hapana, alijibu Pasikali. Kuna harufu ya kuungua? Hapana. Basi plet ya klachi, lile bamba la ndani, haijalika, akasema Leonidasi. Akaingiza gia injini ikiwa imezimwa, zikaingia zote bila kelele. Basi na giaboksi ni nzima. Tatizo ni kwamba klachi haikati: ukiikanyaga, injini na gia haziachani.

"Hapo ni mambo mawili," alisema. "Ama mafuta, ama kuna kitu kimenasa ndani. Mafuta yakoje?"

Maximilla alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, kopo mkononi. Alifungua mdomo.

"Mafuta hayo anajaza binti yangu," alisema Pasikali. "Hayo nayajua. Tafuta kwingine."

Maximilla akafumba mdomo. Angesemaje, baba amekwisha msifia mbele ya fundi? Alirudisha kopo jikoni, akaenda shule, na siku nzima hakuona lolote ubaoni.

Kama si mafuta, basi ni ndani, na kufika ndani si mchezo. Leonidasi na Pasikali walitoa viti, wakafungua sakafu, wakaishusha giaboksi kwa kamba na magogo. Jua likazama wakiwa wameishika plet mkononi, wakaigeuza huku na huku. Haikuwa na kasoro. Pasikali alikaa chini kwenye vumbi na mikono yake myeusi ya grisi, akasema taratibu kwamba mama yake anamngoja. Maximilla alimletea maji ya kunawa. Ukweli aliuficha, mara ya pili. Alijiambia kwamba kesho, wakishafunga, huenda litapona lenyewe.

Walikesha usiku kucha, na Ijumaa wakashinda wakifunga walichofungua. Saa nane mchana Pasikali alikanyaga klachi, na gia ikalia vilevile. Wakati huohuo lori la mahindi lililotoka Kibondo lilisimama barabarani. Dereva wake, rafiki wa Pasikali, alishuka na kofia mkononi. Kabla hajatamka kitu Pasikali alikwisha elewa. Mama Theodosia alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo.

Pasikali aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Maximilla hakuweza tena. Alikwenda jikoni, akaleta kopo, akaliweka miguuni pa fundi.

"Ni mawese," alisema. "Ya baba nilimwaga Jumapili. Nimejaza mawese."

Leonidasi alifungua kikopo chini ya boneti, akatia kidole. Kilitoka na ute mzito wa rangi ya chungwa, umeganda kama uji uliolala. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mawese huganda kwa baridi na huvimbisha mipira ya klachi, ndiyo maana pedali haisukumi kitu. Akamshukuru Mungu kwamba hayakutiwa kwenye breki. Kisha akaosha kikopo na bomba kwa spiriti, akaweka mipira mingine aliyokuwa nayo, akatia mafuta yake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua saa mbili. Saa mbili tu, msomaji, na gia zikaingia laini. Pasikali hakumtazama binti yake wala hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Maximilla kuliko fimbo.

Walifika Kibondo Jumamosi, bibi amekwisha zikwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Jirani aliyemuuguza aliwaambia kwamba Alhamisi nzima mgonjwa alikuwa akisikiliza barabara. Kila gari lilipopita watu walimwambia, huyo ni Pasikali. Yeye alitikisa kichwa: mlio si wake. Maximilla aliposikia hayo alitoka nje, akalia akiwa ameegemea gari.

Baba yake alimfuata.

"Baba," alisema Maximilla, "ningesema Alhamisi, bibi angepona?"

"Sijui. Kichomi huua hata waliolazwa. Nikikwambia angepona, nitakuwa nakuonea. Nikikwambia asingepona, nitakuwa nakudanganya. Hatutajua, mwanangu. Ila angeniona, na mimi ningemwona. Hilo nalijua."

Pasikali alifuta macho kwa kiganja.

"Kumwaga mafuta si neno, mimi mwenyewe nimemwaga mengi. Mawese nayo ni ujinga wa mtoto, tungeucheka. Lakini fundi alipouliza, mimi nilikujibia, nawe ukaniacha niseme uongo bila kujua. Fundi akiambiwa ukweli hutengeneza kibovu. Akifichwa, hufungua hata kilicho kizima, na saa zinakwenda. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Nami sikukukagua, nikaona kukuamini kunatosha. Hilo ni kosa langu. Tutalibeba wote wawili."

Jumatatu asubuhi, wakijiandaa kurudi Kasulu, Pasikali alimpa binti yake kopo alilopewa na fundi. Maximilla alilishika kwa mikono miwili. Alifungua boneti, akamimina polepole.

"Umejaza?" aliuliza baba.

"Nimejaza, baba. Matone mawili yamemwagika. Njoo uangalie."

Pasikali alikuja, akainama, akaangalia. Akafunga boneti. Kisha akaweka kiganja juu yake na kuipapasa, taratibu, kama mama yake alivyozoea, na Maximilla naye akaweka chake kando ya cha baba.