Natasha na Zamu ya Maji

Kila Jumamosi asubuhi Natasha Wasike aliiosha skuta ya mama yake mbele ya nyumba yao mtaani Malukhu, mjini Mbale. Alianzia kwenye taa, akashuka kwenye magurudumu, akamalizia na kikapu cha plastiki kilichofungwa nyuma. Vyombo vya jikoni alivisahau mpaka aitwe mara tatu, lakini skuta hakuhitaji kukumbushwa.

Mama yake, Eucabeth, alikaanga mandazi ya kuuza madukani. Natasha alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na kisheria hakutakiwa kuendesha chombo chochote chenye injini. Mama alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, siku ambazo kazi ilimzidi, alimpa ufunguo apeleke ndoo ya mandazi dukani kwa Adrisi, kwenye njia ya vumbi, ambako magari yalipita kwa nadra.

"Dukani kwa Adrisi, halafu nyumbani," mama alisema Jumamosi hiyo akiendelea kukanda unga. "Ukipita pale, ufunguo huu hutaushika tena."

"Sawa, mama," Natasha alijibu, na wakati ule alimaanisha kabisa.

Dukani aliwakuta wanawake wawili walioshuka kutoka mlimani kununua sabuni. Mmoja wao alikuwa akicheka. "Watalii wanakwenda mbali kuona maporomoko," alimwambia mwenzake. "Sisi tunayo yetu juu ya mashamba ya kahawa, na hata jina hayana!"

Natasha alisahau kuipokea ndoo yake tupu. "Yako wapi, mama?" aliuliza.

"Fuata hii njia mpaka kanisa dogo la bati, kisha panda kwa miguu. Ni pale tu."

Natasha alizaliwa Bugembe, karibu na Jinja, na aliishi huko mpaka baba yake, dereva wa lori, alipopata kazi Mbale. Alikua akiuona mto Nile ukipita usiku na mchana, mpana, usiopungua hata watu wachote vipi. Lakini maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba alikuwa ameyaona kwenye simu tu. Je, yanatoa sauti gani? Je, ukisimama chini yake unalowa? Maswali yalimwasha kama upupu. "Nitatazama mara moja tu nirudi," alijiambia, na kabla ya kujishauri vizuri, alikuwa amekwisha kulipita duka.

Skuta ilipanda ikinguruma na kulalamika. Natasha aliiacha chini ya ukuta wa kanisa, akashika njia nyembamba iliyopita kando ya nyumba moja, kisha ikaingia katikati ya migomba na mibuni yenye matunda mekundu. Alipanda akihema, akitega masikio asikie ngurumo ya maji. Alipofika kwenye mwamba, alibaki mdomo wazi, lakini si kwa furaha. Kutoka juu kulishuka uzi mwembamba wa maji, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Ndiyo haya?" alisema kwa sauti.

Mtoto mwingine angegeuka akarudi. Natasha aliutazama mwamba tena. Ukuta wote ulikuwa na kuvu ya kijani, tena mbichi, kuanzia upande huu hadi ule. Kwa hiyo maji mengi yalikuwa yakipita hapa, tena si zamani. Sasa yamekwenda wapi? Akashika mizizi, akapanda pembeni hadi juu.

Huko alipata jibu. Katikati ya kijito kulikuwa na mawe, mashina mawili ya migomba na tope, na maji yaliyozuiwa hapo yaligeukia kwenye mfereji mwembamba na kupotea ndani ya kahawa. Natasha aliona takataka zilizoletwa na mvua. Hakujiuliza ni mvua gani inayopanga mawe vizuri namna ile. Kwa mtoto wa Bugembe, maji yalikuwa kitu cha kupita tu, hayakuwa ya mtu.

Alivuta shina la kwanza. Alivuta la pili, akasukuma jiwe kwa mguu. Maji yalibomoa yaliyobaki na kwenda kwa kishindo. Natasha akateremka mbio, akaanguka, akainuka, na alipofika chini maporomoko yalikuwa yakishuka ukuta mzima kwa ngurumo, yakimrushia manyunyu usoni. Alipiga kelele peke yake kwa furaha. Kumbe unalowa hata ukisimama mbali!

Alikuwa bado anatabasamu aliporudi karibu na ile nyumba ya njiani na kusikia ugomvi. Mwanamke mmoja alisimama kando ya mfereji mkavu akiwa na ndoo mkononi. Mbele yake kulikuwa na beseni kubwa lililojaa punje za kahawa zenye utelezi, na mzee mmoja aliyeshika jembe.

"Joash, wewe umeiba maji yangu!" mwanamke alifoka. "Leo ni zamu ya nani? Si yangu mimi Norah? Zamu yako ni Jumatatu!"

"Norah, mimi nalima mihogo yangu tangu asubuhi. Sijafika huko juu."

"Maji yamekatika yenyewe? Hii kahawa nimeiloweka siku mbili. Nisipoiosha leo itanuka, na hakuna mtu atainunua. Mwaka jana ulifanya hivi, mwaka huu tena! Nakupeleka kwa mwenyekiti."

"Mwaka jana nilikosa, nikaomba msamaha. Leo sijui kitu."

"Mwongo!"

Natasha alisimama, akaelewa. Yale hayakuwa takataka za mvua. Maji ya mlima huu yaligawanywa kwa zamu, kila nyumba na siku yake, naye alikuwa ameharibu zamu ya mama huyu. Skuta ilikuwa hatua chache mbele na hakuna aliyemwona. Akisema, mama yake atajua alilipita duka, na ufunguo ndio basi tena. Akinyamaza, ataendelea kuishika skuta yake kila Jumamosi, na mzee Joash ataitwa mwizi. Roho ilimsuta. Alitamani sana ile asubuhi ianze upya.

"Mulembe, mama," alisalimu. "Mzee huyu hana kosa. Ni mimi."

Wote wawili waligeuka.

"Nilitaka kuyaona maporomoko. Nikatoa migomba na mawe. Sikujua ni ya watu. Nisamehe, mama."

Norah alimtazama kuanzia nywele zilizolowa hadi viatu vya tope. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini sasa haikujua pa kwenda. "Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza mwishowe.

"Wa Eucabeth, muuza mandazi wa Malukhu."

"Nipe namba yake ya simu. Halafu twende juu. Ulichobomoa utajenga."

Walipanda wote watatu. Joash alikata mashina mapya ya mgomba, Norah akapanga mawe, na Natasha akabeba tope kwa mikono na kuziba kila tundu aliloonyeshwa. Maji yalikuwa baridi na vidole vilimuuma, lakini hakulalamika. Hatimaye maji yalijaa, yakasita, yakageukia kwenye mfereji. Norah aliyasindikiza kwa macho, kisha akamgeukia jirani yake.

"Joash, nimekuita mwongo mbele ya mtoto. Nisamehe."

"Yamekwisha," alisema mzee Joash, akinawa tope mikononi.

Waliposhuka, Natasha aliingiza mikono kwenye beseni na kusaidia kuosha kahawa. Walikuwa wakiianika juu ya turubai bodaboda ilipomleta mama yake, unga ukiwa bado kwenye viwiko. Natasha alimweleza yote bila kuficha, kuanzia dukani kwa Adrisi. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono. Natasha akauweka ufunguo kwenye kiganja chake.

"Hutaushika tena mpaka uwe na leseni," mama alisema. "Na mimi nimekosa kukupa kabla ya umri wako. Ungeanguka huko, ningemwambia nini baba yako?" Kisha akamwomba Norah radhi.

"Kahawa imepona," Norah alisema. Akamtazama Natasha, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. "Lakini wewe, kama ulitaka kuona maji, kwa nini hukuja kesho? Jumapili tunasali, hatuoshi kahawa. Tunafungua kijito na maji yote yanaanguka pale mpaka jioni. Mtu yeyote anakuja kutazama."

Natasha alijishika kichwa. Njia aliyopanda ilipita mlangoni kwa mama huyu. Ingemgharimu neno moja tu.

Mama yake alimshika bega. "Mwanangu, kutaka kujua si kosa, na sitaki uache. Kosa ni kuyauliza mawe na maji maswali yote, na kuwapita watu bila kuwauliza hata moja. Uliposema kweli, hukufuta ulichofanya. Lakini huyu mzee leo anarudi kwake bila kuitwa mwizi. Hilo nimelipenda."

Mama aliwasha skuta, Natasha akakaa nyuma. Kabla hawajaondoka, alimgeukia Norah.

"Mama Norah, naomba kuuliza. Kesho tukija, tupitie njia gani?"